Goloi Haipandi: Jibu kwa Msomaji wa Wete Kuhusu Bunduki ya Kushindilia

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkaazi wa Wete. Mwaka jana nilikaa miezi mitatu kwa mjomba wangu Kanada, naye akanipeleka kwenye uwanja wa shabaha kupiga bunduki yake ya kushindilia, inayojazwa baruti na risasi kupitia mdomoni. Ni ya gumegume, inayowashwa kwa cheche za jiwe, kasiba yake (mtutu) ina mifuo, yaani mifereji ya kuzunguka, kwa ndani na tundu lake ni la nusu inchi. Tulipiga tatu tatu, kwa baruti ya kipimo kilekile, kwenye masafa ya mita 25, 50 na 100. Kwenye mita 25 goloi, yaani risasi za mviringo, zilipiga juu ya kitovu cha shabaha kwa upana wa kidole kimoja na kitu. Kwenye mita 50 zilipiga juu zaidi, vidole viwili. Kwenye mita 100 zilishuka chini ya kitovu kwa upana wa kiganja kizima. Tena kwenye mita 50 zote zilikwenda kushoto vidole vitatu, na kwenye mita 100 zilitawanyika kulia na kushoto hata nisijue nizisome vipi. Mjomba anasema goloi ikishatoka ndani ya kasiba hupanda kwanza, kisha huchoka ikaanguka, na anataka kukichonga kilengeo cha mbele na kuongeza baruti. Mimi nahisi kasiba imepinda. Nani kati yetu mwenye haki? Nitarudi kwake Oktoba na anataka twende kuwinda. Na jengine: nyumbani kwetu kuna gobori la marehemu babu linaning'inia ukutani. Naweza kulifanyia mazoezi pwani kabla ya safari?"

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari, na baada ya hapo tutapata utulivu wa kuzungumza juu ya mjomba wako na tupa yake.

Usilipige gobori la babu, pwani wala shambani, na usilishushe ukutani kwa nia ya kulisafisha. Kwanza, hujui kama ni tupu. Bunduki ya kushindilia haina njia nyepesi ya kuondolewa baruti ila kupigwa, na ndiyo maana magobori ya kale hukutwa katika majumba yakiwa bado yameshindiliwa, na mwenye nyumba hana habari. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu haipotezi nguvu kwa sababu ya umri. Iliyotiwa zamani za babu yako inaweza kuwaka kama iliyotiwa jana, na inatosha cheche moja ya gumegume au moto wa fundi wa kuchomelea. Pili, kutu ya kasiba hula kutoka ndani, hasa upande wa nyuma ambako baruti hukaa na ambako shinikizo ni kubwa kuliko pengine pote, na jicho la nje halioni kitu. Tatu, pwani ni mahali pabaya mno pa kupiga goloi. Goloi ya mviringo ikigusa maji kwa pembe ndogo haizami, bali hudunda na kuendelea mbele kwa mamia ya mita kama kigae anachokirusha mtoto juu ya maji yaliyotulia, na mbele yako pale kuna wavuvi na watu wanaookota chaza. Nne, bunduki ni bunduki hata ikiwa ya babu, na kukaa nayo bila kibali ni jambo la polisi.

Kwa hiyo liache lilipo, wakataze watoto kuligusa, na uende kituo cha polisi mikono mitupu ukaeleze ulichonacho, ili waje wao. Usilibebe begani ukapita nalo mjini. Wao watajua namna ya kumpata mtu wa kulipima na, likiwa na kitu ndani, kulitoa. Likithibitika kuwa tupu na mkataka lihifadhiwe, Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale ndiyo ya kuuliza, na kwenu Pemba kuna makumbusho ndani ya ngome ya zamani ya Chake Chake.

Hata likiwa zima na halali, gobori hilo lisingekufundisha kitu kitakachokufaa Kanada. Mengi katika magobori yaliyosambaa kwetu yana kasiba laini kwa ndani, isiyo na mifuo, na hilo lina historia yake: Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliwazuia wafanyabiashara kuingiza katika sehemu kubwa ya Afrika bunduki za kisasa zenye mifuo, lakini ukaacha upenyo kwa zile za gumegume za kasiba laini na baruti yake duni. Goloi inayotoka katika kasiba laini hugusa ukuta mmoja au mwengine inapotoka, ikajizungusha ovyo, kila mara kwa upande wake, na hewa huivuta kufuata mzunguko huo. Mifuo ya bunduki ya mjomba wako huizungusha goloi kwa mhimili uleule kila mara, na ndiyo inayoleta nidhamu. Goloi ya mviringo haihitaji kuzungushwa kwa nguvu kama risasi ndefu: kasiba zilizotengenezwa kwa ajili yake huwa na mzunguko mmoja katika sentimita 120 hadi 170 hivi.

Sasa tuje kwenye shabaha zako. Katika nyinyi wawili hakuna mwenye haki, ingawa mjomba wako amekosea kwa njia ya heshima. Kasiba haikupinda. Kwa upande wa juu na chini bunduki ile imekwisha kuwekwa sawa, tena vizuri, na aliyeiweka, awe fundi au mmiliki wa kabla ya mjomba wako, alikusudia ipige kitovuni kwenye mita 75, masafa ambayo nyinyi hamkuyajaribu. Mlichokiona kwenye mita 25, 50 na 100 ndicho hasa kinachopaswa kuonekana.

Goloi haipandi. Tangu inapotoka mdomoni mwa kasiba haina kitu cha kuishikilia, na inaanza kushuka papo hapo, kama ambavyo ingeshuka ukiiachia kutoka mkononi. Haisubiri ichoke. Kinachokudanganya ni kwamba jicho lako na kasiba havitazami njia moja. Vilengeo viko juu ya kasiba, na kile cha nyuma huwekwa kirefu kidogo kuliko cha mbele, kwa hiyo unapovipanga katika mstari mmoja na shabaha, bila kujua unaiinua kasiba itazame juu ya shabaha. Mtu anayemwagilia miche ya mikarafuu kwa mpira wa maji hufanya hivyo kila siku: akitaka maji yafike kwenye mche wa mbali huinua mdomo wa mpira, na maji hupita juu ya miche ya karibu kabla ya kutua. Hakuna anayesema kwamba maji yamepanda yenyewe. Yameelekezwa juu, na tangu yalipotoka yamekuwa yakianguka chini ya njia ambayo mpira ulikuwa ukiitazama.

Basi jizoeze kuona mistari mitatu. Wa kwanza ni mstari wa jicho, ulionyooka kabisa kutoka jichoni, juu ya vilengeo, hadi kwenye kitovu. Wa pili ni mstari wa kasiba, nao umenyooka, ila unaanza chini ya wa kwanza kwa kama sentimita 2, kwa sababu vilengeo viko juu ya tundu, kisha unaukata na kwenda juu yake. Wa tatu ni njia ya goloi, na huu peke yake ndio uliopinda. Unaanza pamoja na mstari wa kasiba na kila hatua unazidi kuachana nao kwa chini. Njia ya goloi huukata mstari wa jicho mara mbili: mara ya kwanza karibu na mpigaji, ikielekea juu, na mara ya pili mbali, ikielekea chini. Mjomba wako ameona vipande viwili vya njia moja akadhani ni tabia mbili za goloi.

Nimefanya hesabu kwa bunduki inayofanana na yenu. Goloi ya madini ya risasi safi inayoingia katika tundu la nusu inchi pamoja na kiraka chake, kile kitambaa kinachoizunguka, ina kipenyo cha milimita 12.4 na uzito wa gramu 11.5 hivi. Tuseme inatoka kwa kasi ya mita 500 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya kawaida kwa kipimo cha baruti cha greni 70, yaani karibu gramu 4.5. Chini ya mstari wa kasiba itakuwa imeshuka sentimita 1.4 kwenye mita 25, sentimita 6 kwenye mita 50, sentimita 15.5 kwenye mita 75, na kiasi cha sentimita 30.5 kwenye mita 100. Ikiwa vilengeo vimepangwa kwa mita 75, mstari wa kasiba utakuwa juu ya mstari wa jicho kwa sentimita 3.8 kwenye mita 25, sentimita 9.7 kwenye mita 50 na sentimita 21 kwenye mita 100. Toa kushuka kwa goloi katika kila moja: kwenye mita 25 utapata sentimita 2.4 juu ya kitovu, kwenye mita 50 sentimita 3.7 juu, na kwenye mita 100 sentimita 9.5 chini. Hicho ni kidole kimoja na kitu, vidole viwili, na kiganja kizima. Uliandika majibu yako mwenyewe kabla ya kuniuliza.

Angalia tena zile namba za kushuka. Kutoka mita 50 hadi 100 masafa yameongezeka mara mbili, lakini kushuka kumeongezeka mara tano. Kama pasingekuwa na hewa, kungeongezeka mara nne tu, na goloi ingefika mita 100 ikiwa imeshuka sentimita 20 badala ya 30.5. Tofauti hiyo ni kazi ya hewa. Galileo alieleza mwaka 1638 kwamba kitu kilichorushwa huchora mkunjo wa parabola, lakini hesabu yake haikutia upinzani wa hewa, na baada yake wengi waliona hewa ni jambo dogo. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alichapisha vipimo vilivyowashtua: alitundika bamba zito lenye ubao likiwa kama bembea, akalipiga kwa goloi kutoka karibu na kutoka mbali, akapima lilivyobembea, na kutokana na hapo akaijua kasi ya goloi. Hewa ilionekana kuirudisha nyuma goloi ya bunduki kwa nguvu iliyozidi uzito wa goloi yenyewe mara nyingi.

Umbo lenyewe ndilo linaloiponza. Ngarawa hukata maji kwa sababu ina omo nyembamba na mwili mrefu nyuma yake. Livute boya la mviringo kwa kamba ndani ya maji hayohayo uone linavyogoma. Goloi ni boya. Uso wake ni mpana kwa uzito wake mdogo, na inapokwenda kasi kuliko sauti hulazimika pia kulisukuma wimbi la hewa lililobanana mbele yake. Ile iliyotoka kwa mita 500 kwa sekunde itakuwa na mita 370 hivi ifikapo mita 50, itateremka chini ya kasi ya sauti ikishapita mita 60, na itafika mita 100 ikiwa na mita 290 tu. Kwa kuwa nguvu ya pigo hufuata mraba wa kasi, kinachofika mita 100 ni kama theluthi moja ya nguvu iliyotoka mdomoni.

Hapo ndipo pendekezo la kuongeza baruti linapoanguka. Ukizidisha baruti mpaka goloi ikatoka na mita 560 kwa sekunde badala ya 500, utakuwa umeongeza mita 60 mdomoni, lakini kwenye mita 100 zitakuwa zimebaki kama 25. Hewa huitoza zaidi goloi iendayo kasi zaidi. Utapata teke kubwa begani, masizi mengi ndani ya kasiba, kiraka kilichoungua kabla ya kumaliza kazi yake, na vilengeo ambavyo havisemi kweli tena. Sisemi kipimo cha greni 70 ni kitakatifu. Kila kasiba ina kipimo inachokipenda, na hutafutwa polepole kwa kuongeza greni tano tano ndani ya mpaka uliowekwa na mtengenezaji, huku ukitazama goloi zinavyokusanyika kwenye karatasi. Lakini hutafutwa kwa ajili ya mkusanyiko, kamwe si kwa ajili ya kuufuta mkunjo. Na baruti isiyo na moshi, hata chembe, haiingii katika bunduki ya kushindilia. Shinikizo lake hupasua kasiba.

Na tupa? Kukichonga kilengeo cha mbele kikawa kifupi kutaiinua goloi, hilo mjomba wako amelijua sawa. Ila itainuka kote. Ili goloi ya mita 100 ifike kitovuni angepaswa kuondoa theluthi mbili tu za milimita, na malipo yake yangekuwa goloi za mita 50 kupiga sentimita 8 juu ya kitovu, yaani zaidi ya mara mbili ya sasa, kwenye masafa ambayo mnyama ana uwezekano mkubwa zaidi wa kusimama. Tena tupa haina toba. Nilipokuwa masomoni Uingereza niliazimwa bunduki ya namna hii na rafiki, nikakichonga kilengeo chake cha shaba baada ya kupiga goloi mbili tu, jioni, macho yamechoka. Kesho yake ikawa inapiga juu ya karatasi kabisa, na posho yangu ya mwezi ule ikaenda kwenye kilengeo kipya.

Linabaki la kushoto, na hili ndilo lenye kosa la kweli, ingawa bado hatujui ni kosa la nani. Vidole vitatu tuviite sentimita 6. Kuna washukiwa watatu: kilengeo, upepo na kidole chako. Kila mmoja ana mwendo wake, na ukimfuata kutoka masafa hadi masafa utamjua. Kosa la kilengeo hukua sawasawa na umbali: sentimita 6 kwenye mita 50 ni sentimita 3 kwenye mita 25 na 12 kwenye mita 100, kila mara, upande uleule. Upepo haukui hivyo. Upepo wa kutoka kulia wenye mita 3 na nusu kwa sekunde, ambao kwetu ungetikisa majani tu na nahodha asingeuhesabu kuwa upepo, utaisukuma goloi yenu sentimita moja na nusu kwenye mita 25, karibu sentimita 6 kwenye mita 50, na sentimita 24 kwenye mita 100, zaidi ya shibiri. Sababu ni kwamba upepo hufanya kazi kadiri goloi inavyocheleweshwa na hewa, na kuchelewa huko huongezeka upesi sana masafa yanapokuwa marefu. Kwa kuwa upepo hauvumi sawa kila dakika, goloi za mita 100 hutawanyika kulia na kushoto hata mpigaji akiwa hodari, na nadhani ndicho kilichokutokea. Kidole nacho hakina kanuni. Anayepiga kwa mkono wa kulia na kukivuta kifyatuo kwa mshtuko mara nyingi hupeleka goloi kushoto na chini, lakini hairudii mahali palepale.

Bunduki ya gumegume humwonea zaidi mwenye mshtuko. Baina ya nyundo kuanguka na goloi kutoka kuna kipande kidogo cha muda ambacho moto unapita kutoka kwenye kisahani cha pembeni chenye baruti ya kuwashia kwenda ndani, na mgeni hufumba macho au kuinua kichwa hapohapo. Endelea kutazama kilengeo cha mbele mpaka moshi utakapokificha.

Ikithibitika kuwa ni kilengeo, hesabu yake ni nyepesi. Chukua kosa uliloliona, ligawe kwa masafa, kisha uzidishe kwa umbali ulio baina ya vilengeo viwili. Tuseme vimeachana sentimita 70: sentimita 6 ukigawa kwa sentimita 5,000, ukizidisha kwa 70, ni sehemu 84 katika 1,000 za sentimita, yaani chini ya milimita moja. Kilengeo cha nyuma husogezwa upande unaotaka goloi iende, kwa hiyo chenu kitasogezwa kulia. Cha mbele husogezwa kinyume chake. Kabla ya kukigonga, mkwaruze mstari mwembamba wa alama unaovuka kilengeo na kasiba pamoja, ili mjue mmetoka wapi, na mtumie kijiti cha shaba au mti mgumu, si nyundo ya chuma.

Mfanye kazi hii mkiwa na meza imara na mifuko ya mchanga, mfuko wa mbele ukiwa chini ya mbao za bunduki na si chini ya kasiba yenyewe. Anzeni mita 25, kwa karatasi kubwa. Goloi moja haisemi kitu. Piga tatu, na bora tano, kisha tazama kitovu cha mkusanyiko wake. Mkisharidhika nendeni mita 50, kisha 75. Mita 100 iwe ya mwisho na siku ya utulivu.

Vipimo vyote hivyo havina maana ikiwa kila goloi imeshindiliwa kwa namna yake. Baruti ipimwe kwa kipimo kidogo kila mara, isimiminwe kutoka kwenye pembe kubwa moja kwa moja, kwa sababu kaa lililosalia ndani ya kasiba linaweza kuiwasha pembe nzima mkononi. Kasiba ipanguswe baada ya kila goloi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Kiraka kiwe cha pamba tupu iliyofumwa kwa kubana, chenye unene uleule na mafuta yaleyale. (Marekani, kile kitambaa cha bibi zetu kilicholetwa Unguja na merikebu za Salem, bandari ya Marekani, tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19, ni cha ukoo huo, na pamba inafaa kwa sababu haiyeyuki kwa moto kama nguo za nailoni.) Vikusanyeni viraka vilivyoanguka mbele ya bunduki mvitazame: kilichotoboka au kuungua katikati kinaeleza kwa nini goloi zimetawanyika.

Juu ya mdeki, ile fimbo ya kushindilia, nataka nikaze sauti. Goloi lazima ifike chini ikae juu ya baruti kabisa, pasibaki nafasi baina yao. Ikiachwa njiani, kasiba inaweza kuvimba au kupasuka. Mtieni mdeki alama mbili, moja inayoonyesha kasiba tupu na nyengine inayoonyesha bunduki iliyoshindiliwa kipimo chenu, na mzitazame kila mara. Ukivuta kifyatuo isilie, iache imeelekea kwenye shabaha, uhesabu dakika mbili kamili, kisha ndipo uiguse. Ikiwa goloi inagoma kushuka, au mbao zina ufa kwenye shingo, au moto unatoka kwa nguvu pembeni katika tundu la kuwashia, hapo hesabu zangu hazitoshi: acheni kupiga, mwiteni msimamizi wa uwanja, na bunduki iende kwa fundi wa silaha anayezijua za aina hii.

Kwa uwindaji, ukiwa na vilengeo vya mita 75, utaelekeza kitovuni bila kufikiri tangu mdomoni hadi mita 90 hivi, kwani katika masafa yote hayo goloi haitoki nje ya sentimita 5 juu au chini. Hilo lisikutie tamaa. Kwa mtu wa msimu wa kwanza, na upepo nisioujua, mimi ningekwambia usipige mnyama aliye mbali zaidi ya mita 60, na umwache apite yule wa mita 100 hata mjomba akikucheka. Vibali vya uwindaji vya huko mjomba wako atavijua au atauliza ofisi ya wanyamapori ya jimbo lake. Uhalali wa nyama ya mnyama aliyekufa kwa goloi kabla ya kuchinjwa si fani yangu. Wanazuoni wana maneno juu yake, na ni vyema ukamwendea sheikh wako kabla ya Oktoba kuliko kumpigia simu ukiwa msituni.

Kwa sasa mwandikie mjomba aitafute ile karatasi ya mita 25, kama hakuitupa, na apime goloi zilikwenda kushoto kiasi gani. Akikuta karibu sentimita 3, kilengeo cha nyuma ndicho chenye kosa na asogeze kulia ile milimita isiyotimia. Akikuta sentimita moja hadi moja na nusu, asiguse kitu. Siku ile palikuwa na upepo.